Siku Nane Bila Injini

Mwaka wa 1956 Ndwiga alikuwa mchochea moto kwenye mtambo wa umeme wa Mzee Mbarak, mfanyabiashara wa Ishiara. Injini ile ya mvuke ilisaga unga wa kijiji kizima, tena ikawasha taa za zahanati na za kituo cha askari. Lakini tangu itangazwe Hali ya Hatari, watu walikuwa wamekusanywa kwa lazima katika kijiji kilichozungushiwa handaki, wala hakuna aliyeruhusiwa kwenda mbali kutafuta kuni kavu. Ndwiga akawa anachoma kuni mbichi na oili chafu. Moshi ulitoka kwenye bomba fupi ukashukia moja kwa moja juu ya nyumba.

Bintiye Mukami, mtoto wa miaka minne, alikuwa akikohoa tangu Januari. Dresa wa zahanati alimpa dawa, kisha akamwambia Ndwiga waziwazi kwamba dawa haitaushinda ule moshi. Tangu siku hiyo, kila gogo alilotia motoni Ndwiga aliona kama anambana mwanawe pumzi.

Akamwendea Mzee Mbarak. Alitaka bomba lirefushwe kwa mapipa ya chuma, na kuni zianikwe kabla ya kuchomwa. Mbarak hakukataa, ila aliogopa. Injini ingelazimika kuzimwa siku nane, na wanawake, waliokwisha kuchoshwa na kazi za lazima, wangerudi jioni kutwanga kwa mikono. Akasema mzigo ni wao, basi waulizwe wao.

Waliulizwa pale pale kwenye foleni ya kusaga. Wengi waligeukia madebe yao ya mahindi, hata Igoki, mke wa Ndwiga. Ndipo Kagure, mjane mzee, akasema, "Mikono yangu itauma siku nane. Kifua cha yule mtoto kitauma mpaka lini?"

Wakakubali. Mbarak mwenyewe akaenda kwa Bwana DO, afisa wa serikali, kuomba ruhusa, akapeleka karabai zahanati na kituoni.

Hazikuwa siku rahisi. Ndwiga hakupata mshahara. Viganja vya wanawake vilitoka malengelenge, na nyumba nyingine zilikula mahindi ya kuchemsha tu. Kagure alishikwa na mgongo, akalala siku mbili.

Siku ya tisa Ndwiga aliwasha moto huku kijiji kizima kikitazama bomba. Moshi ulitoka mwembamba, ukapanda juu, ukavuka handaki kuelekea nyikani. Igoki alimshika mkono mumewe mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kwa kuwa kuni sasa zilingoja jua, injini ilisaga siku tatu tu kwa wiki, na wapo walionung'unika. Lakini wiki ya tatu Ndwiga alirudi kutoka kazini akamkuta Mukami ameketi mlangoni, anakunywa uji bila kukatizwa na kikohozi. Alipomaliza aliomba mwingine. Ndwiga aliketi chini kando yake, akamwambia Igoki amwongeze.