Tabla Isiyofika Mwisho

Ngoma za jirani zilisikika kabla ya zaburi ya kwanza. Précieuse alizitambua kupitia ukuta wa sebule yake hapa Rissne, ughaibuni, alikokuwa amewakaribisha waumini wenzake kusali: ni ile sahani ya santuri ya tabla, ngoma mbili ndogo za Kihindi, ambayo mzee Trivedi aliicheza kila Jumamosi mchana. Siku moja mzee alimkaribisha aisikilize. Mpigaji humalizia kwa kurudia fungu moja la mapigo mara tatu, alimweleza, kisha kimya. "La tatu likitua, na wewe unapumua."

Leo halikutua. Fungu lilelile lilirudi, likakatika palepale, likarudi tena.

"Huo si muziki tena," alisema ndugu Papy, kiongozi wa maombi. "Ni vita. Tusimame."

"Si afadhali nikabishe mlango?" Précieuse aliuliza.

"Enda basi," Jennifer akamtania. "Shetani atakupea chai."

Wote walicheka, kisha wakapaza sauti. Walikemea, walipiga makofi, wakafunika ngoma kwa wimbo. Wimbo ulipoisha, ngoma zilikuwa palepale. Précieuse alifumba macho atafute neno la kumwambia Mungu, asipate lolote ila jina la jirani.

Akatoka.

Alibisha. Aliita. Hatimaye alipiga magoti na kusukuma kifuniko cha tundu la barua mlangoni. Ngoma zilimjia usoni, pamoja na harufu ya maziwa yaliyoungua. Aliona ndara moja sakafuni. Mbele kidogo aliona ya pili, na mguu ulikuwa bado ndani yake.

"Papy! Pigeni 112!"

Mlango ulivunjwa. Mhudumu wa ambulensi aliinua sindano kwenye santuri, na kimya kilichofuata kiliwafanya waombaji wote pale ngazini wainamishe vichwa.

"Anapumua?" Jennifer alinong'ona.

"Kidogo," mhudumu alijibu kwa Kiswidi, akiwa amepiga magoti. "Lazima nijue alianguka lini. Dawa ya kiharusi ina muda wake, ukipita haifai. Hii sahani imekwama hivi tangu saa ngapi? Nani alikuwa nyumbani?"

Papy alitazama Biblia mkononi mwake. Jennifer alimtazama Papy.

"Sote tulikuwepo," alisema Précieuse. "Ilikwama tulipoanza kuomba."

Mhudumu aliangalia saa yake, akawaangalia wao, akangoja wamtajie saa yenyewe.