Walioruhusiwa

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, karani wa kumbukumbu wa hospitali aliingia kwa fundi wa kompyuta akiwa na diski ya nje aliyoifunga kwa taulo la uso.

"Ilianguka?" fundi akauliza.

"Haikuanguka. Imeanza tu kulialia."

Fundi aliiweka sikioni. Mtaani walimwita Sikio, maana hakuwa akigusa chombo kabla hajakisikiliza. Ndani ya diski kulikuwa na mlio, ka-ka, ka-ka, wa sindano inayotafuta mahali pa kusoma na kupakosa. Akamwambia karani kwamba siku za diski hii zinahesabika. Angejaribu kuvuta yaliyomo kidogo kidogo, ayahamishie kwenye diski mpya, na nakala ingefanana na ya kwanza nukta kwa nukta. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu.

"Fanya unavyoweza, kaka. Ni daftari la wagonjwa la miaka sita. Ijumaa tunapewa tuzo, na wanaotupa wanataka kuliona."

Ilikuwa tuzo ya hospitali isiyopoteza mgonjwa kwenye foleni.

Fundi alianza kazi saa tano. Diski ilisoma, ikakwama, ikasoma tena. Jina la kwanza lilipovukia diski mpya, mlango ulifunguka, akaingia mzee mwenye bandeji mguuni. Alisalimu, akauliza kama huu ndio mwisho wa foleni. Fundi akidhani ni mteja, akamsogezea kiti. Jina la pili likaja na mwanamke aliyeshika tumbo. Kufikia adhuhuri walikuwa kumi na mmoja na viti vimekwisha, wengine wamekalia makasha ya kompyuta mbovu. Hakuna aliyeleta kitu cha kutengenezwa. Diski ilipokutana na sehemu iliyoharibika, aliyekuwa mlangoni alisimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akangoja. Fundi aliichomoa diski, akaipoza mbele ya feni, akaichomeka upya, na yule mtu akamalizia kuingia.

Alifungua faili kuhakikisha halina pengo. Kila mstari ulikuwa na jina, tarehe na ugonjwa, na mwishoni maneno yaleyale: Ameruhusiwa, hali nzuri. Akamtazama mzee wa bandeji, ambaye bandeji yake yote ilikuwa imeloa usaha. Akarudi kwenye kioo cha kompyuta. Akafuta kioo kwa kiganja, akasoma tena.

Saa tisa aliingia mama yake.

Walikuwa wamemzika miaka miwili iliyopita. Alikuwa amevaa sweta la kijani, lile alilotoka nalo nyumbani siku aliyofia kwenye foleni ya eksirei.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?" Alikohoa, akakalia boksi la printa. "Hebu niangalizie kwenye hiyo mashine yako, mwanangu. Mimi nilikufa au niliruhusiwa?"

Fundi aliukumbuka uzito wa jeneza, jinsi bega la kulia lilivyomuuma siku tatu. Akauangalia mstari wa mama yake.

"Imeandikwa umeruhusiwa."

"Sasa kama niliruhusiwa, mbona bado nimekaa foleni?"

Fundi alichukua bilauri. Akamletea maji.

Karani alirudi saa kumi na moja jioni. Aliwatazama waliokaa, akawaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akasogea kwa fundi, akaliona faili wazi kwenye kioo, akapunguza sauti.

"Mganga mkuu ndiye aliyesema tuandike hivyo. Mtu akifia kwenye foleni bado hajaonwa na daktari. Kama hajaonwa, amekufaje kwetu?"

"Huyo wa sweta ni mama yangu."

"Pole, kaka. Nilimwandika mimi."

"Basi tusahihishe."

"Mwenyewe ulisema nakala lazima ifanane na ya kwanza."

Kweli alisema. Hata hivyo aliusogelea mstari wa mama yake, akafuta yaliyokuwapo, akaanza kuandika: Amefari... Nyuma yake kikohozi kilikatika. Aligeuka, akamwona mama ameegemea ukuta, kinywa wazi, bilauri inamteleza mkononi. Akafuta herufi zile haraka, akarudisha yote yalivyokuwa: Ameruhusiwa, hali nzuri. Mama akashtuka, akaishika bilauri, akakohoa.

"Nilisinzia kidogo," akasema.

Fundi aliondoa vidole kwenye vitufe. Kisha akahifadhi faili, akamkabidhi karani diski mpya. Karani aliita majina kwa mpangilio. Kila aliyeitwa aliambiwa ameruhusiwa, akashukuru, akatoka kwenda kwao.

Nyumbani, dada yake fundi alipofungua mlango na kumwona mama, jambo lililomkera ni nguo za mama, kwa kuwa alikwishazigawa zote. Alimpa gauni lake, akambandikia maji ya kuoga.

Ijumaa hospitali ilipokea tuzo yake.

Jumatatu fundi alimpeleka mama akapigwe picha ya kifua. Dirishani karani alitafuta jina, akalipata, akakosa pa kuyaweka macho yake. Kompyuta ilisema mgonjwa huyo ni mzima. Haikuwa na nafasi ya kumpokea mtu mwenye hali nzuri.

"Usijitese, mwanangu," mama akamwambia karani. "Wewe umetumwa tu."

Waliporudi nyumbani, fundi hakujua amkasirikie nani. Kutwa alitengeneza redio ambayo haikuwa mbovu.

Mama aliishi nao miezi mitano. Alikula vizuri, alimsema fundi kwa kutooa, alikohoa. Asubuhi moja dada alimkuta amekwisha kupoa. Hospitalini hawakuweza kutoa cheti, kwa sababu daftari lilionyesha kwamba hajafa hata mara moja.

Makaburini, mchimba kaburi aliuliza marehemu azikwe wapi.

"Njoo nikuonyeshe," fundi akasema. "Kando ya yule pale."

"Ni ndugu?"

"Ni yeye mwenyewe."

Mchimba kaburi alitazama kaburi la kwanza, akapima hatua kwa miguu. "Basi tusogee kidogo huku," akasema. "Udongo wa pale bado ni laini, utamwangukia." Akatema mate viganjani, akaanza kuchimba.