Udongo wa Miguu ya Mwashi

Jumapili ya upatanisho, mshona nguo alipiga magoti mbele ya mwashi, akakunja mikono ya gauni lake, akautia mguu wa kulia wa yule bwana kwenye beseni la bluu. Maji yalikuwa vuguvugu. Mke wa mchungaji aliyapima kwa kiwiko, kama anayeogesha mtoto mchanga. Kanisa zima lilijua kwa nini wawili hawa waliwekwa mbele. Mwaka wa fujo, mtaa wa juu na mtaa wa chini walipokuwa wakiwindana, mwashi alikuja na wenzake wakamchukua mume wa mshona nguo, aliyekuwa rafiki ya mwashi tangu utotoni, na mume hakurudi. Msamaha mwashi alikwisha kuuomba, kwa jumla. Mahali alipomfukia hajasema.

Mshona nguo hakuhisi kitu. Ganzi ilimwingia mwaka ule, ikapazoea, ikawa mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama. Alikubali kuosha miguu kwa sababu alidhani mtu akioshwa na mjane aliyemfanya mjane, huenda ulimi ukalegea.

Udongo ulianza kutoka. Ulikuwa wa kijivu, mzito, wenye mizizi myembamba, na mtaa ule ni mchanga mtupu. Maji yakabadilishwa. Ukatoka tena, ukajaza beseni, ukamwagika hadi benchi la kwanza, na akina mama wa kwaya wakainua sketi zao, wakaendelea na ubeti wa tatu.

"Udongo huu wa wapi, shemeji?" aliuliza mshona nguo kwa sauti ya chini.

"Udongo ni udongo tu, shemeji," alijibu mwashi, akitazama dari.

Wiki iliyofuata ibada ilirudiwa, kwa kuwa kazi haikuwa imekwisha. Nyumbani kwake mwashi alikuwa na miguu mikavu kama mtu yeyote. Udongo ulimtoka mikononi mwa mjane tu. Kanisa halikosi kamati. Kamati ya amani ikakaa, ikanywa chai, ikaona udongo mzuri namna ile usipotee bure. Vijana wakaufyatua matofali nyuma ya kanisa, na mwashi, ambaye ni fundi hasa, akaanza kujenga Ukumbi wa Amani. Wageni wa makao makuu walikuja kupiga picha, wakasema hawajaona upatanisho unaozaa matunda hivi.

Mshona nguo aliendelea kuosha. Kila donge alilipitisha vidoleni kabla ya kulitia kwenye ndoo, kama anayechagua mchele.

Jumapili moja, kuta zikiwa zimefika madirishani, vidole vyake vilikutana na kifungo. Cha kahawia, na bado kina uzi wa kijani. Siku aliposhona kifungo kile kwenye shati la mumewe, uzi wa kahawia ulikuwa umemwishia, na mumewe akasema, "Shona tu na huo, mke wangu, nani atakuja kunichungulia kifuani?" Hapo ganzi ilisogea kidogo, ikamchoma, ikarudi mahali pake.

Alikiinua. Mwashi alikiona, midomo ikamcheza, kisha ikatulia. Mchungaji naye alikiona, akainama kumnong'oneza mshona nguo.

"Mama, tumetoka mbali. Ukumbi unafunguliwa mwezi ujao. Yaliyopita si ndwele."

"Sitaki kesi, mchungaji. Nataka nionyeshwe mahali."

"Mungu anapajua."

"Na shemeji anapajua."

Mchungaji akaiashiria kwaya, nayo ikapokea. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Huyu hapiti, amekaa mbele anaoshwa miguu.

Mshona nguo alisubiri wimbo uishe. Mwashi akatazama dari tena. Basi akakifunga kifungo kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akavuta beseni karibu. Shati lile lilikuwa na vifungo vingine sita.

"Shemeji," alisema, "lete mguu wa pili."