Kamba ya Mita Sitini na Nane

Aliyetaka kujua kwa nini timu haishindi nyumbani hakuwa na haja ya kununua gazeti. Alikwenda tu kwenye tawi la mashabiki, jioni yoyote, akamuuliza Chokaa, na Chokaa hakumwachia hata amalize swali. Fedha? Mwenyekiti ameuza basi la timu, kisha akamuuza Mrefu, mshambuliaji pekee aliyejua kupiga kichwa, ili anunue mawinga wawili wenye mbio. Mbinu? Kocha kapewa mawinga wa kuruka na anawachezesha kama wamefungwa miguu. Nyumbani? Mechi kumi na moja, ushindi hakuna. Ugenini wanashinda, wanarudi wakiimba, halafu Jumamosi wanakuja kufungwa mbele ya mama zao.

"Kocha huyu," alisema Chokaa huku akigonga meza, "hata ukimpa uwanja wa ndege atakwambia nafasi haitoshi."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, maana kocha alikuwa amesema kitu cha namna hiyo kweli. Baada ya sare ya tatu alilalamika redioni kwamba hapa nyumbani mawinga wake hawana pa kukimbilia.

Neno la Chokaa lilikuwa na uzito pale tawini kwa sababu hakuwa shabiki wa kukaa jukwaani na kula karanga tu. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza uwanja. Alikata nyasi, alimwagilia, alichora mistari kwa chokaa, na jina likatokea huko. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye kazi hiyo. Aliirithi kwa mzee mmoja mkali aliyemwachia toroli, ndoo mbili na kamba ya buluu yenye urefu wa mita sitini na nane kamili, upana wa uwanja. Huku na huku, kwenye ncha, ilikuwa imeshonewa kitambaa chekundu. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Unaikunja kamba katikati, unasimama katikati ya goli, unainyoosha kulia, unapigilia kigingi. Unainyoosha kushoto, unapigilia kigingi. Mzee alikuwa akisema kamba hiyo haina ubishi, na Chokaa akaishika hivyo hivyo.

Kwa kawaida mistari ya msimu mmoja ilionekana mpaka msimu wa pili, akawa anaifuata tu. Mwaka huu trekta lilipita kusawazisha uwanja, vigingi vikang'olewa, ikabidi apime upya. Aliitoa kamba stoo nyumbani kwake, maana stoo ya uwanjani ilikuwa haina kufuli, na akakuta ncha moja haina kitambaa. Akadhani panya. Akamwomba mkewe kipande cha kanga kuukuu chekundu, akakishona mwenyewe, akaenda kupima. Tangu siku ile wazee wa jukwaa la mashariki walikuwa wakimlalamikia kwamba mwaka huu mstari uko mbali na wao. Chokaa akawaambia wakanunue miwani.

Sasa ilikuwa imebaki mechi moja. Wakishinda, wanabaki ligi kuu. Wakikosa, wanashuka daraja, na kocha anafungasha. Tawi lilikuwa limekwisha kuandika barua ya kutaka kocha afukuzwe, na sahihi ya kwanza, kubwa kuliko zote, ilikuwa ya Chokaa.

Asubuhi ya mechi aliamka mapema. Alitoka uani kuchukua jezi yake ya bahati. Mama mkwe wake, aliyehamia kwao tangu kabla ya msimu kuanza, alikuwa ameanua nguo zote mapema ili azipige pasi, akaacha jezi peke yake kwenye kamba. Kwa mara ya kwanza Chokaa akaiona ile kamba tupu, bila shuka wala gauni juu yake. Ilikuwa ya buluu. Ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya pili kwa fundo zuri la kike, na chini ya fundo kilining'inia kitambaa chekundu.

Chokaa alisimama pale na jezi mkononi.

"Mama," akaita kwa upole, kwa sababu mama mkwe hapigiwi kelele hata nyumba ikiungua, "shikamoo mama. Hii kamba uliitoa wapi?"

"Marahaba, baba. Si ile ya stoo? Niliomba kamba ya kuanikia, binti yako mkubwa akanionyesha. Nikaona ni ndefu, haiishi, nikakata kidogo tu. Nyingine nimekuachia." Akamtazama. "Nimekosea?"

"Hapana, mama. Ni kamba nzuri."

"Haichakai," akasema bibi, akarudi kwenye pasi yake.

Akaipima kwa futi ya fundi seremala wa jirani. Mita sita. Akakaa kwenye ndoo akashika tama. Mita tatu huku, mita tatu kule, mechi kumi na moja. Aliwaona mawinga wakikimbia na mpira, mara mstari huu hapa, mpira nje, na yeye jukwaani anapayuka kwamba kocha hajui kazi. Aliona ile sahihi yake, jinsi alivyoikunja mkia kwa maringo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Mwamuzi hapimi uwanja, anahesabu nyavu na bendera basi. Lakini ilikuwa saa mbili asubuhi, mechi saa kumi, na timu yake ilikuwa inakwenda kucheza mechi ya kufa na kupona ndani ya uwanja aliouminya kwa mikono yake. Kufuta mistari miwili na kuchora mingine peke yake asingeweza. Ilibidi aseme, na mtu pekee aliyekuwa uwanjani mapema hivyo alikuwa kocha.

Kocha alikuwa ameketi kwenye benchi la akiba akiangalia nyasi. Mtu mfupi, mwenye mvi za juzijuzi, viatu vimeisha visigino.

"Mwalimu," akasema Chokaa. Akaitupa kamba yote miguuni pake, kipande kikubwa na kipande cha kuanikia, akaeleza. Alieleza vibaya, akaanzia katikati, akamtaja mama mkwe, akarudi kwa trekta. Mwisho akasema, "Na ile barua ya tawi. Wa kwanza kutia sahihi ni mimi."

Kocha aliitazama kamba. Akaokota ile ncha yenye kitambaa chekundu cha kanga, akakigeuza geuza.

"Mita sita?"

"Sita, Mwalimu."

"Mimi nilisema. Nilisema redioni."

"Ulisema. Mimi ndiye niliyewachekesha watu."

Chokaa alijiandaa kupigwa. Badala yake mzee wa watu akainama, akavua viatu, akakunja suruali. Alikuwa anacheka, ila macho yalikuwa yamelowa. "Ndoo ya pili iko wapi?" akauliza.

Walifanya kazi kama vibarua. Walifagia chokaa ya zamani, wakaimwagia maji, wakaitandazia mchanga, wakaunga kamba, wakapima, wakapima tena kwa futi ya seremala, wakapima mara ya tatu. Katikati ya kazi kocha aliomba udhuru, akasogea pembeni, akapiga simu. Chokaa alimwona akiongea kwa mkono mmoja hewani, akionyesha upana. Saa sita mwenyekiti akapita na miwani yake ya jua, akauliza wanafanya nini na mchanga.

"Mbinu," akajibu kocha, wala hakumtazama Chokaa.

Saa kumi filimbi ikalia. Dakika ya nne winga wa kulia akapokea mpira, akakimbia, na pale ambapo msimu mzima palikuwa na mstari, safari hii palikuwa na nyasi. Beki akabaki anashangaa. Winga akafika mwisho wa uwanja, akapiga krosi tamu ya kupima kwa macho, na uwanja mzima ukasimama. Chokaa akauma jezi. Mpira ukapita mbele ya goli taratibu, juu kidogo, ukatoka upande wa pili. Hakukuwa na mtu wa kuufikia.

Dakika ya tisa, winga wa kushoto, vivyo hivyo. Dakika ya kumi na tano tena. Jukwaa la mashariki lilikuwa linaimba. Krosi zilikuwa zinamiminika, nzuri ajabu, na kila moja ilipita juu ya vichwa vya washambuliaji wafupi wa mwenyekiti kama ndege wanaohama. Kufikia mapumziko Chokaa alikuwa amehesabu kumi na nne, na baridi ilikuwa imeanza kumwingia mifupani. Ugenini wapinzani wanajitokeza, mawinga wanakimbia nyuma yao na kufunga wenyewe. Hapa nyumbani wageni wanarundikana golini, na dawa ya watu waliorundikana golini ni kichwa. Kichwa kilikuwa cha Mrefu, na Mrefu aliuzwa. Chokaa alipiga kelele sana basi lilipouzwa. Mrefu alipouzwa alipiga makofi, akasema bora tumeondokana na mlingoti.

Kipindi cha pili wageni wakagundua kwamba uwanja ni mpana hata kwao. Wakafunga kupitia kulia, wakafunga kupitia kushoto. Mbili bila. Filimbi ya mwisho ilipolia hakuna aliyezomea. Watu waliondoka wakiburuta miguu kama wanaotoka mazikoni, na mzee mmoja wa jukwaa la mashariki akapita akimgusa Chokaa bega. "Leo angalau tumeona vizuri," akasema.

Mwenyekiti alimpa kocha barua yake ya kufukuzwa palepale mlangoni, imeshachapwa tangu juzi.

Jua lilikuwa linazama Chokaa alipokwenda kung'oa bendera za kona. Akamkuta kocha kwenye benchi lile lile, begi limefungwa, barua kifuani, simu mkononi. Akaketi kando yake.

"Asubuhi ulinifanyia kitu kizuri sana," kocha akaanza. "Unajua nilimpigia nani? Mke wangu. Mwaka mzima ananiona sili, silali, najiuliza kama nimekwisha. Nikamwambia, mama, si mimi, ni kamba. Ni kamba! Akalia kwenye simu. Akasema alijua tu." Akafuta uso kwa kiganja. "Kutoka asubuhi mpaka saa kumi nilikuwa kocha mzuri. Sijawahi kufurahi hivyo miaka mitatu hii."

Simu ikawaka mkononi mwake, ikanguruma. Akaiangalia bila kuipokea.

"Hii ya nne," akasema. "Anataka kujua matokeo. Sasa leo nimwambie ni nini? Leo uwanja ulikuwa mzima."

Chokaa aliutazama uwanja. Mistari ilikuwa imenyooka, myeupe, mita thelathini na nne kila upande kutoka katikati ya goli, imepimwa mara tatu. Katika miaka yake kumi na tisa hakuwahi kuchora vizuri kama leo. Simu ikaendelea kunguruma. Akanyoosha mkono, akaichukua, na kocha hakuwa na nguvu ya kumzuia.

"Shemeji, hujambo," akasema. "Hapana, yupo, yuko salama, yupo hapa na mimi. Mimi ndiye mtunza uwanja. Ndiyo, yule wa kamba." Akaitazama tena mistari. "Tumefungwa, shemeji. Na kosa ni langu tena. Leo nilipima haraka haraka, nikakosea."

Kocha aligeuka akamkodolea macho.

Upande wa pili mwanamke alikuwa amepandisha sauti. Alimwita mzembe. Alimwuliza kama anajua watoto wake wanakula nini, kama anajua mume wake ameota mvi mwaka mmoja kwa ajili ya mtu asiyejua kupima kamba, kama hana haya. Chokaa alisikiliza yote bila kuiondoa simu sikioni.

"Kweli kabisa, shemeji," akasema. "Mita sita. Zile zile."