Mlango wa Masikio

"Sasa fungeni mlango wa masikio," mwalimu alisema, na ilimbidi apige kelele ndipo asikike.

Mama Pasi alifumbua jicho moja. Wanawake tisa walikuwa wameketi juu ya marobota ya mashuka ya hospitali, migongo wima, viganja magotini. Hatua kumi kutoka pale mashine za kufulia zilinguruma kama kawaida, maana meneja alikataa kuzizima hata kwa nusu saa. Klorini ilikuwa inakwangua koo. Ubavuni pake wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa amejiuma mdomo asicheke.

"Kobe akiguswa hufanyaje?" mwalimu aliuliza. "Huvuta kichwa, huvuta miguu, akatulia ndani. Nanyi vuteni hisia zenu ndani. Sauti ikija, usiifukuze wala usiifuate. Iache ipite."

"Kobe mwenyewe angeajiriwa humu angeacha gamba akakimbia uchi," wifi alinong'ona.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Wanawake wale hawakuomba yoga. Waliomba feni, waliomba vizibo vya masikio, na zaidi ya yote waliomba kitufe. Mashine ya kupiga pasi ilikuwa na rola mbili za moto. Wifi alisimama mbele akiingiza shuka, Mama Pasi nyuma akilipokea. Kila upande ulikuwa na kitufe chekundu cha kuisimamisha. Cha wifi kilikufa tangu mwaka jana, kikazibwa kwa tepu. Basi wakapatana wenyewe kwa wenyewe: kitu kikikwama, wifi apige ukelele, Mama Pasi abonyeze cha kwake. Meneja aliyasikiliza maombi yote matatu, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akawaletea mwalimu kila Jumatano.

Wenzake walilifanya jambo lile mzaha. Mama Pasi hakufanya mzaha. Miaka kumi na mmoja alikuwa akirudi nyumbani kichwa kinagonga, anawafokea watoto kwa kosa la kuburuta kiti tu. Akajaribu zoezi lile jikoni, akajaribu kitandani, mwishowe akajaribu kazini, mikono ikiendelea kukunja pembe kwa pembe. Na loo, siku moja likamkubali! Mngurumo ukasogea mbali, ukawa kama ugomvi wa majirani wasiomhusu. Joto likabaki kwenye ngozi, halikuingia ndani. Usiku ule alilala usingizi alioulala mara ya mwisho kabla hajaolewa. Nani kati yetu angekataa?

"Wifi, siku hizi nakusalimia mara mbili ndipo unaitika," wifi alimtania. "Nitamwambia kaka yangu mkewe kahamia kwa kobe."

"Domo lako ndilo la kwanza kufungiwa mlango," Mama Pasi alimjibu, wakacheka wote wawili.

Jumatatu moja, gauni la mgonjwa lilijificha ndani ya shuka. Kamba yake ilimzunguka wifi kifundo cha mkono, na rola zikaivuta. Upande wa pili Mama Pasi alikuwa anapokea na kukunja, anapokea na kukunja. Shuka lililofuata lilitoka na doa jekundu bichi. Wazo lake la kwanza, Mungu amsamehe, lilikuwa kwamba nguo hazikufuliwa vizuri. Ndipo akabonyeza.

Hospitali iliondoa vidole vinne vya mkono wa kulia. Meneja alibandika tangazo kwamba wafanyakazi wote walikuwa wamepewa mafunzo ya utulivu, kwa hiyo ajali ilitokana na uzembe wa mhusika. Kitufe kilitengenezwa keshokutwa yake, asubuhi, kwa dakika ishirini. Dakika ishirini! Kumbe fundi alikuwepo siku zote.

Wageni walipokuja kutoa pole, wifi ndiye aliyemtetea Mama Pasi. "Kelele zile hata parapanda ya kiyama isingesikika. Angefanyaje maskini?" Kila aliposema hivyo, Mama Pasi alitazama sakafu.

"Kosa ni la meneja," mumewe alimwambia chumbani. "Nyamaza, usijitafutie makubwa." Na ni kweli lilikuwa la meneja. Lakini halikuwa lake lote, na Mama Pasi alilijua hilo kila alipogusa chakula kwa vidole vyake vyote vitano.

Wiki ya tatu alikwenda kumsindikiza wifi kubadilishiwa bandeji. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, blauzi wazi, akapiga magoti kumfunga vifungo.

"Nilikuita mara tatu," wifi alisema, bila lawama, kama mtu anayeomba kufunikwa blanketi. "Hukusikia hata moja, sivyo?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Alilolihitaji ni neno moja tu, na wifi mwenyewe alikuwa amelitandika kama mkeka.

"Nilisikia," Mama Pasi alisema.

Wifi alimkodolea macho.

"Nilisikia sauti. Sikuijua ni yako, sikutaka kujua ya nani. Nilikuwa mbali, wifi, nilikuwa nimepumzika. Nikaiacha ipite."

"Mara zote tatu?"

"Zote tatu."

Nje gari la kuwapeleka hospitali lilipiga honi, likapiga tena. Hakuna aliyeinuka.

"Toa mikono," wifi alisema.

"Ngoja nimalizie, vimebaki viwili."

"Nimesema toa mikono yako kwangu."

Akavishika vifungo mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ulimi umebana kwenye pembe ya mdomo, jasho likimtoka puani. Kifungo cha nne kiliingia kwenye tundu la tano, na blauzi nzima ikaenda upande. Mama Pasi aliona. Alibaki pale pale magotini, mikono hewani, na wifi akapita pembeni yake kuelekea mlangoni, shingo ya blauzi imepinda.