Gari la Mteremkoni

Mwanangu ana gari la mbio la zamani, jekundu, lenye viti viwili na kelele za watu ishirini. Amelijengea banda. Gari la mkewe, dogo, la kijivu, la juzijuzi, hulala nje likanyeshewa, na kila alfajiri huwaka mara moja na kumpeleka mwenyewe, ambaye ni mkunga, hospitalini, ng'ambo ya mji, ambako basi halifiki.

Siku moja mwanangu alitutangazia mezani kwamba la kijivu lingeuzwa Jumamosi, ili jekundu lipate rangi mpya.

"Na mimi kazini nitakwendaje?" aliuliza mkaza mwanangu.

"Nitakupeleka. Hilo lako ni sanduku la viatu lenye magurudumu. Halina roho."

"Lina breki."

Niliweka kijiko chini. "Jumamosi nina miadi ya macho. Nipeleke kwa hilo lenye roho. Likinipeleka na kunirudisha, uza la mkeo, nami sitafumbua kinywa. Likishindwa, utauza lako."

"Mama, utaringa mji mzima!"

Kuliingia ni kama kushushwa kisimani. Magoti yalinigusa kidevu, na bakora yangu ikabidi itokeze dirishani kama mlingoti wa bendera. Njiani alinitajia mwaka wa injini kwa heshima ambayo hajapata kuutajia mwaka niliomzaa.

Tukaipita kliniki.

"Mbona tumepita?"

"Natafuta mteremko, mama. Stata imechoka kidogo. Siku hizi naliwasha kwa kuliserereza."

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki hata kujitembeza kilikuwa kimeshindwa.

Aliliegesha ubavuni mwa kilima, likitazama chini, nasi tukarudi kliniki kwa miguu juani. Tuliporejea, macho yangu yakiwa na dawa na ukungu, niliona vizuri kuliko nilivyotamani: lori lilikuwa limemwaga mchanga wa ujenzi mbele ya gari, chungu kizima, hadi kwenye bampa. Nyuma, mlima. Mwanangu akafungua boneti, akaitazama injini kama mtu anayeutazama mwezi.

"Bosi," akaita mwashi kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, "hilo ni gari au pambo?"

"Hili ni la kihistoria!"

"Basi lipelekeni makumbusho, tunangojea kokoto!"

Simu ikalia. Mnunuzi wa la kijivu alikuwa amekwisha kufika langoni kwetu. Mwanangu akamwomba asubiri, kisha akampigia mkewe, kwa sauti ndogo sana.

Mkaza mwanangu alikuja na la kijivu, amevaa sare ya kazi, na kamba mkononi. Alinifungulia mlango wa nyuma, akausogeza mkoba wake.

"Karibu, mama."

Nikaketi, mgongo wima, kama binadamu. Yeye akafunga kamba nyuma ya lile jekundu.

"Mume wangu, shika usukani. Hiyo kazi unaiweza."

Sanduku la viatu likaikokota roho hadi kileleni.

Hapo simu ikalia tena. Mwanangu alinitazama kupitia dirishani. Nami nikamtazama, wala sikupepesa, licha ya dawa.

"Samahani, ndugu," alimwambia mnunuzi. "La kijivu haliuzwi. Lipo jekundu."

Mtu yule aliuliza jambo. Mwanangu akamjibu.

"Linawaka, ndiyo. Ila, ndugu yangu... huko kwako kuna mteremko?"