Hodi ya Tatu

Mlango wa nyumba ile Mardhiya aliujua kabla hajauona. Bibi yake, Mwanamkasi, alimsimulia kule Kiwengwa huku wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba: mbao nene, misumari ya shaba, maua yaliyochongwa juu. Na kila mara hadithi iliishia pale pale.

"Mamaangu kasugua ngazi za nyumba ile ujana wake wote, na mlango ule hajaupita hata siku moja. Yeye na watumishi wenziwe mlango wao ulikuwa wa uchochoroni. Basi ukenda na skuli yako, piga hodi mbele. Nataka nisikie umekaribishwa."

Kwa hiyo Mardhiya hakuja mjini kutazama masahani ya Kichina. Wenzake wa darasa la tano ndio waliokuja kutazama masahani. Yeye alikuja kukaribishwa.

Siku hizi nyumba ile ni makumbusho, na mwenye funguo ni Bwana Jamil, kanzu yake imepigwa pasi barabara.

"Shikamoo!" watoto waliimba.

"Marahaba. Skuli hupita nyuma, uchochoroni. Mlango huu wa wageni. Watalii wangu wako njiani."

Wageni! Mtu katoka Kiwengwa alfajiri, kajaa vumbi mpaka kwenye kope, halafu yeye si mgeni.

Mwalimu Shahida hapendi kugombana na mwenye funguo. Aliwapanga watoto mstari, wakaanza kuzunguka nyumba. Mardhiya alipanda ngazi za mbele, akagonga.

"Hodi!"

Bwana Jamil alicheka. "Unampigia nani hodi? Wenyewe walishaondoka zamani."

"Mardhiya!" mwalimu aliita.

"Naam, mwalimu."

"Unakuja au huji?"

"Siji, mwalimu. Mama yake bibi kapita huko miaka na miaka. Mimi nnapita hapa."

"Basi utabaki nje mpaka tumalize."

"Ntabaki."

Mwalimu alimtazama, akautazama na mlango. Alimwomba Bwana Jamil amwangalie mtoto, akawafuata wengine.

"Hodi!" Mardhiya alirudia. Hakuitikiwa.

Mtoto yeyote aliyelelewa anajua kuwa hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unageuka unakwenda zako, hata kama unasikia watu wanakula ndani. Kwa hiyo ya tatu akaizuia.

"Umechoka?" Bwana Jamil aliuliza.

"Sijachoka. Imebaki moja."

"Ipige basi tumalizane."

"Ntaipiga nikitaka."

Kwa ulimi ule angestahili kofi, sikatai. Lakini aliogopa, maskini. Aliogopa kurudi kwa bibi yake na kumwambia hakuna aliyeitika.

Watalii wakatokeza kwenye kona, kofia zao kubwa kubwa. Bwana Jamil akapanda ngazi kumwondoa mtoto. Papo hapo ndani ya nyumba pakasikika vishindo vya miguu na kicheko cha Simai, anayekaa naye dawati moja. Wenzake wameshaingia! Basi ndani mna watu.

"HODIII!"

Vishindo vikakoma. Kisha ikaja sauti ya Mwalimu Shahida, karibu kabisa na mlango. "Nani?"

"Mardhiya! Kitukuu cha Mayasa, aliyekuwa akisugua ngazi humo!"

"Karibu!" alisema mwalimu, na darasa zima likapokea, "Karibuuu!" Komeo likavutwa, ubawa mmoja wa mlango ukafunguka.

"Mwalimu, nani kakupa ruhusa?" Bwana Jamil alifoka.

"Mtu kapiga hodi, kaitikiwa. Ulitaka nimfungie?"

Mardhiya aliingia, machozi yanamtiririka na hasira bado imemjaa. Hata hajafika katikati ya ukumbi, Simai alimpita akitoka nje, na wengine wote nyuma yake, wanasukumana. Wakajipanga kwenye ngazi, mstari ukateremka mpaka barabarani.

"Hodi!" alisema Simai, na nyuma yake wengine wote, kila mmoja kwa sauti yake.

Mardhiya alishika ubawa wa pili, akaufungua mlango wote. "Karibuni!"

"Na wageni wangu je?" Bwana Jamil alilalama, watalii wakiwa wamesimama juani, mwisho kabisa wa mstari.

"Nao wapige hodi," Mardhiya alisema.